Tumsifu kwa kasia, tusimsifu kwa ajali

Mwezi wa Agosti mwaka 2021, katika maji ya Tokyo, Japani, binti wa Mombasa aliketi ndani ya mashua ndefu nyembamba, akafungwa mkanda kifuani, akashika makasia mawili na kuielekea safari ya mita 2,000. Jina lake Asiya Mohamed Sururu. Miguu hana. Siku ile Kenya ilipata mwanamke wake wa kwanza katika mbio za makasia za Paralimpiki, yaani ile michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu inayofuata nyuma ya Olimpiki. Dhahabu ilichukuliwa na Birgit Skarstein wa Norway. Asiya hakurudi na nishani.

Habari zake nimezisoma nyingi, za magazeti yetu na za wageni, na karibu zote nilizozisoma zaanza mahali pamoja: zaanza na gari la moshi. Kwamba alipokuwa mtoto wa miaka 2 treni ilimkata miguu yote miwili na baadhi ya vidole vya mikono. Kwamba alifiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na jamaa. Yote hayo ni kweli, na ni mazito, wala sisemi yafichwe. Lakini huku ndiko kuliko na ubishi wangu. Mtoto wa miaka 2 aliyekatwa na treni hakutenda lolote; alitendwa. Mambo aliyoyatenda Asiya mwenyewe yalikuja baadaye, kwa miaka mingi, kwa jasho, na hayo mara nyingi huandikwa mwisho, pale penye nafasi iliyobaki.

Ubishi huu nimeufanya juzi hapa Isiolo, ambako nimekuja kwa shughuli ya kijamaa na nikakaa kupita nilivyokusudia. Msomaji wa Lamu au Tanga asiyepajua, Isiolo ni mji wa mlangoni mwa kaskazini ya Kenya. Wamo Waborana na Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, na adhana husikika kutoka pembe nyingi. Maziwa ya ngamia huteremshwa alfajiri na kina mama, mengine hupakiwa gari yakauzwe Nairobi. Bahari hakuna. Uaso Nyiro wenyewe, ambao ndio mto mkubwa wa upande huu, kwa kawaida haufiki baharini. Hupotelea katika kinamasi cha Lorian. Basi kuzungumza habari za makasia mahali kama hapa ni sawa na kuzungumza habari za ngamia kisiwani Pate.

Tulikuwa barazani baada ya sala ya Isha, chai ya maziwa mikononi, nami nikamtaja Asiya. Mzee mmoja mfuga ngamia akaniuliza, "Maalim, huyo binti anavuta nini?"

"Anavuta kasia, mzee wangu."

"Na kasia ni nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia ni mti mrefu wenye bapa nchani, hupachikwa ubavuni mwa chombo penye kishwara, na mvutaji huketi ameipa omo mgongo, uso wake umeelekea tezi, akajivuta kwenda nyuma yake. Si kama kafi, ambalo mwenye mtumbwi hulishika mikononi akapiga maji akiona aendako. Mzee alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi huyo huendesha chombo akitazama alikotoka! Ngamia ukimpanda hivyo, watoto wa Isiolo watakufuata na mawe." Baraza zima likacheka, nami nikacheka nao, kwani kusema kweli sikuwahi kulitazama jambo hilo kwa jicho la mtu wa nchi kavu.

Lakini liko jambo ambalo hata sisi watu wa pwani wengi hatulijui, nalo ndilo lililonifanya nimheshimu binti huyu kwa kazi yake na si kwa mkasa wake. Mbio za makasia si kazi ya mikono. Ukimwangalia mvutaji kwa mbali utadhani ni mikono, kumbe nguvu kubwa yatoka miguuni. Kiti cha mashua ya mbio kina vigurudumu chini yake na huteleza mbele na nyuma. Mvutaji hukunja magoti mpaka karibu na kifua, akatia bapa majini, kisha akasukuma kwa nyayo na mapaja. Mgongo hufuata, na mikono humalizia tu. Mtu asiye na miguu katika mchezo huu amenyang'anywa injini, akabakishiwa usukani.

Waliotunga mbio za walemavu walilijua hilo, wakawapanga wachezaji kwa madaraja. Daraja la Asiya huitwa PR1: ni la wale wanaotumia mabega na mikono peke yake. Kiti chao hakitelezi. Hufungwa mkanda kifuani ili kiwiliwili kisiyumbe. Na mashua yao ni lazima itiwe vielea viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, isije ikapinduka naye amefungwa humo. Nilipoziona picha za vielea hivyo nilitabasamu. Hayo, msomaji wangu, ni matengo ya ngalawa. Wazee wetu waliyatia kwenye chombo cha gogo karne nyingi zilizopita, nao wasijue kwamba iko siku wahandisi wa mashua za mbio wangerudi kwenye shauri lile lile.

Mchezo huu uliingia Paralimpiki mwaka 2008 huko Beijing, na wakati huo walemavu walivuta mita 1,000 tu. Tangu mwaka 2017 shirikisho la dunia likaamua mwendo uwe mita 2,000, sawa na wa wazima. Mwanamke wa Olimpiki aliye bingwa, mwenye miguu yake na kiti chake kinachoteleza, humaliza mwendo huo pungufu ya dakika 8. Mwanamke bingwa wa daraja la Asiya huhitaji dakika zaidi ya 10, na dakika zote hizo ni mabega, viwiko na vidole. Sasa rudi kwenye vidole. Binti huyu alipoteza baadhi yake utotoni, na kasia ni kitu cha kushikwa. Kulishika, kulizungusha bapa lilale linapotoka majini, kulisimamisha tena linapoingia, mara mia na mia, bila kukosea, huku mwenzako wa ubavuni anakuacha: hiyo ndiyo kazi. Ningekuwa mhariri wa habari zile, ningeanza na vidole vilivyobaki.

Wala hakuanzia baharini. Alisoma hata akawa mwalimu, naye alicheza tenisi ya kiti cha magurudumu kabla ya kuzoea kasia. Tikiti ya Tokyo aliipata Tunis mwezi wa Oktoba mwaka 2019, katika mashindano ya Afrika ya kuwachuja wavuta makasia. Kisha korona ikaiahirisha michezo mwaka mzima. Mwanamichezo aliyejitayarisha kwa siku fulani, siku hiyo ikasogezwa mwaka, huyo anajua maana ya subira kuliko sisi tunaoihubiri.

Nilipofika hapo barazani, kijana mmoja akaniuliza swali ambalo nililitarajia: "Sasa, Maalim, kama hakushinda, sifa yatoka wapi? Kenya ina mabingwa wa mbio tele, na hata wao wengine twawasahau."

Ni swali la haki. Kenya yetu ina mizani moja ya mchezo, nayo ni nishani. Katika Paralimpiki ile ile ya Tokyo nchi nzima ilipata nishani moja tu, ya shaba, ya Nancy Chelangat Koech katika mbio za mita 1,500 za wasioona. Kabla yake tulimjua Henry Wanyoike, kipofu aliyepata dhahabu ya mita 5,000 huko Sydney mwaka 2000, mpaka ikawa yeye ndiye aliyemkokota kiongozi wake aliyeishiwa nguvu karibu na utepe. Hao walistahiki, na wametajwa. Lakini tukishika mizani hiyo peke yake, mtu aliyetoka mahali ambapo hapana mashua wala desturi ya mchezo, akafika mstari mmoja na mataifa yenye mashua kila mtoni, tutamwandika sifuri.

Nikawapa kisa cha Mjerumani mmoja, maana katika jambo hili la kasia na heshima sijaona aliyefikiri kwa kina kama yeye. Anaitwa Hans Lenk, mzaliwa wa Berlin mwaka 1935. Alikulia kisomo katika mji mdogo wa Ratzeburg, wenye maziwa ya maji matamu, na huko shuleni alikuwako mwalimu jina lake Karl Adam. Adam huyu hakuwa mvuta makasia. Alikuwa bondia, bingwa wa ndondi wa wanafunzi wa dunia mwaka 1937. Pengine ndiyo maana hakuogopa kuvunja desturi. Aliyabadili mazoezi, akayabadili hata mabapa ya makasia, na wakongwe wa mchezo wakamcheka. Mwaka 1960, katika Olimpiki ya Roma, mashua ya Wajerumani ya watu wanane na mshika usukani wao iliteremshwa katika ziwa la Albano, Lenk akiwa mmoja wao. Wamarekani walikuwa wameitwaa dhahabu ya mashua hiyo katika kila Olimpiki tangu 1920. Siku hiyo hawakupata hata shaba. Wajerumani ndio waliotangulia.

Nchi yao iliwapa waliotwaa dhahabu ile Jani la Mlaureli la Fedha, ambayo ndiyo heshima kubwa ya serikali kwa wanamichezo wa Ujerumani. Wengine wangetosheka na jani hilo mpaka kaburini. Lenk alirudi kwenye vitabu. Akawa profesa wa falsafa katika chuo kikuu cha Karlsruhe, na baadaye, kati ya mwaka 2005 na 2008, akawa rais wa taasisi ya kimataifa ya wanafalsafa. Na jambo alilolishughulikia miaka mingi ni hili la kijana wangu wa Isiolo: sifa ya mchezaji yatoka wapi?

Jawabu lake, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba utu wa mtu umo katika jambo analolitenda mwenyewe, kwa hiari yake, kwa bidii yake, si kwa kusukumwa wala kwa kufanyiwa. Kumshinda mwenzako ni sehemu tu ya hilo, na si sehemu iliyo kubwa. Tena alipendekeza kwamba ile kaulimbiu ya Olimpiki ya kwenda kasi zaidi, juu zaidi na kwa nguvu zaidi, iongezwe mawili: kwa uzuri zaidi na kwa utu zaidi. Hayo hayakusemwa na mtu aliyeshindwa akajitafutia faraja. Yalisemwa na mwenye dhahabu nyumbani.

Nasi Waislamu tusijifanye kwamba jambo hili lahitaji kuletewa kutoka Ujerumani. Kila aliyekaa mbele ya mwalimu wa chuoni na ubao wake anaijua Surat Abasa na sababu ya kuteremka kwake, anamjua Abdullahi bin Ummi Maktumu, kipofu aliyekuja kutaka elimu. Wengi huishia hapo, kwenye upofu wake. Lakini kazi zake ndizo za kutajwa: alikuwa mwadhini wa Mtume, na Mtume alipotoka Madina kwenda safarini, mara kadhaa alimwacha yeye nyuma awasalishe watu. Hakupewa sadaka ya kumwonea huruma. Alipewa kazi, na kazi ikamtambulisha.

Huruma ni jambo jema, ila ina kasoro moja: humfanya anayehurumia ajione mkubwa. Twamwona mtu katika kiti cha magurudumu karibu na Ngome ya Mvita, twampa shilingi, twaenda zetu tumeridhika, na kijiwe cha ngazi kilichomzuia asiingie dukani twakiacha pale pale. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, ya kufika mahali popote pa umma na kupanda vyombo vya usafiri. Miaka imepita, na bado naona majengo mapya, mengine ya misikiti yetu tunayoichangia kwa nia safi, yakipandishwa ngazi saba mbele bila hata kibao cha kupitishia gurudumu. Kumtambua Asiya kwa makofi, kisha dada yake wa hali moja naye asiweze kuingia maktaba, ni kutambua gani huko?

Na mchezo wenyewe una gharama yake. Mashua ya mbio haichongwi Lamu wala Kizingitini. Hutengenezwa ng'ambo, na ya mlemavu huwa na kiti chake na mkanda wake. Mahali pa kuteremkia majini pawe pa kufikika. Awepo mtu wa kumsaidia kuingia na kutoka, na chombo cha kumfuata kwa usalama. Ukiyaona hayo utafahamu kwamba nchi ikisema yamtambua mvuta makasia, ushahidi wake utafutwe ufukweni kabla ya kutafutwa jukwaani.

Usiku ule nilitunga ubeti mmoja, nikausoma barazani kesho yake. Nauweka hapa kwa ajili ya washairi wenzangu, wauendeleze wakipenda:

Kasia ni la miguu, lake yeye la mikono,
Mja mwenye nia kuu, hashindwi na mapambano,
Tusimwone juu juu, kwa huruma na maneno,
Asiya apewe haki, ya jasho alilotoa.

Nilipomaliza kuusoma, kijana wa swali akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kuuona ubeti mfupi. Mzee wa ngamia akataka kuelezwa upya habari ya kwenda kinyumenyume. Lakini alikuwako mtu mwingine, makamo, mwenye kuuza vifaa vya nyumbani sokoni, ambaye siku zote mbili hakusema neno. Watu walipoanza kutawanyika akabaki akikunja mswala wake polepole. Kisha akaniambia kwamba anaye binti wa miaka 9, miguu yake haina nguvu tangu kuzaliwa, na kwamba hajapelekwa shule. "Si kwamba namficha, Maalim," akasema. "Naogopa watu watamtazama."

Sikumhutubia. Mtu aliyekwisha kusema neno kama hilo mbele ya mgeni amekwisha kujihutubia mwenyewe. Nilimwonyesha picha ya Asiya katika simu yangu, ile aliyomo katika mashua, hijabu kichwani, makasia yamefunguka kama mbawa. Akaitazama muda mrefu. Sikumwona akiitafuta miguu; jicho lake lilikuwa kwenye mabega.

Akaniuliza, je, hiyo tenisi ya kiti, mtoto wa miaka 9 aweza kuanza? Na kiti chenyewe hupatikana wapi, kwa bei gani? La bei sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina ofisi katika kaunti, na kwamba huko mtoto huandikishwa na maombi ya viti na vifaa hupokewa. Aende asubuhi na kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nikamwandikia yote hayo kwa Kiswahili nyuma ya risiti ya duka. Aliikunja mara nne, akaivua kofia yake, akaitia ndani ya upindo, akaivaa tena.

"Na yeye nije naye," aliuliza, "au niende peke yangu kwanza?"

"Nenda naye," nikamwambia.